Naomba ushauri: stori za wazee wa kiwandani zinagongana
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kidogo. Mji wetu ni mdogo, ulikua kwa sababu ya kiwanda cha nguo ambacho kilishafungwa, sasa nimeanza kurekodi wazee waliofanya kazi pale, natumia simu tu. Shida kila mzee na stori yake, mmoja anasema king'ora cha shifti kililia mara tatu kwa siku mwenzake anakataa kabisa, na wengi masikio yalishachoka na kelele za mitambo ya kufuma so inabidi nipayuke hadi rekodi inakwaruza. Nikageukia picha za zamani, nazo zimegandia kwenye albamu, nimevuta moja ikachanika kona (iliniuma sana). Stori zikigongana niandike zote au nichague? Na hizo picha nizibandue vipi, au nizipige picha hukohuko kwenye albamu?