Mtoto anakaribia miezi sita: nimpikie nini, na nianzeje?

Mama wa Langoni, Lamu

Assalaam aleikum. Kifungua mimba wangu atatimiza miezi sita mwishoni mwa mwezi huu, na hadi sasa hajaonja kitu ila maziwa yangu. Ningependa kumpikia mwenyewe badala ya kununua vyakula vya chupa, ambavyo bei yake hatuimudu. Mama mkwe, ninayemheshimu sana na ndiye anayenisaidia kulea, anashauri tuanze na uji mwepesi wa kikombe, utiwe asali kidogo ili mtoto aupende. Nyumbani hatuna friji wala blenda. Je, nianze na nini, kwa kiasi gani, na je, samaki anafaa, kwa kuwa ndiye kitoweo chetu cha kila siku?

Muuguzi Mstaafu, Malindi

Wa aleikum salaam, mwanangu. Natanguliza suala la asali kwa sababu halina mjadala: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja haonjeshwi asali, hata iwe safi namna gani, kwa kuwa yaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari unaopoozesha misuli), ambazo hazifi kwa kuchemshwa jikoni na ambazo utumbo mchanga bado hauna nguvu za kuzizuia. Mweleze mama mkwe kwa upole kwamba katazo hili ni la mwaka wa kwanza tu.

Uji si mbaya, ila uwe mzito kiasi kwamba ukiinua kijiko haumwagiki, kwani tumbo la mtoto ni dogo na uji mwepesi hulijaza maji, akaonekana ameshiba ilhali hakulishwa. Wala usimweke kwenye uji mtupu kwa muda mrefu. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana afikapo miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayaifidii. Ndiyo maana samaki, yai lililoiva vizuri, pojo zilizochemshwa zikalainika kabisa, na ini la kuku mara moja moja, vyote vinamfaa tangu mwanzo. Chai usimpe, hata ya maziwa, kwa sababu huzuia chuma hicho kufyonzwa mwilini.

Vijiko vikubwa viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, vinatosha kuanzia, kisha uongeze pole pole hadi nusu kikombe. Kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Mama wa Shela

Dada, blenda si lazima. Mimi hutumia chungu kile kile cha nyumba nzima: kabla ya kutia chumvi na pilipili, huteka kipande cha boga au kiazi kitamu pamoja na mnofu wa samaki, nikaviponda kwa uma na kuvilainisha kwa maziwa yangu au tui kidogo. Changu anafaa sana. Papa na nduaro uwaepuke, kwani hulimbikiza zebaki, madini yenye sumu, mwilini. Mnofu utandaze kwenye sahani, uupapase wote kwa ncha za vidole vilivyooshwa kwa sabuni, kwa maana mwiba mwembamba hulihadaa jicho lakini kidole huugundua.

Kwa kuwa huna friji, pika cha mlo mmoja, na alichobakiza mtoto amalizie mtu mzima papo hapo. Maji ya kisima yachemshe hata kama nyinyi wenyewe mmeyazoea.

Baba wa Majengo, Malindi

Naongeza moja kuhusu unga wa mchanganyiko wa nafaka na karanga wa kupikia uji wa mtoto. Karanga au mahindi yenye dalili ya ukungu yatupwe, kwa sababu sumu ya aflatoksini haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Ni heri kununua nafaka, kuichambua kwa mkono na kuisagisha kidogo kidogo.

Mama wa Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote. Je, vyakula hivi naweza kuvichanganya tangu siku ya kwanza?

Muuguzi Mstaafu, Malindi

Anza na kimoja, umwangalie siku mbili tatu, ndipo uongeze kingine, ili akitokwa na vipele au akiharisha ujue chanzo. Samaki na yai vya mara ya kwanza mpe asubuhi, si usiku, ili ukiona uso umevimba au pumzi inambana uweze kumkimbiza hospitali bila kuchelewa.