Stika ya "Mungu Kwanza" na jua la Dodoma: nibandike wapi idumu?

Nkuhungu_B
Habari wakuu. Nataka maneno mawili nyuma ya Probox: "Mungu Kwanza" na "Panda Mti". Ndiyo ninayoyaamini, kwa hiyo sitaki yapauke na kubanduka vipande vipande. Bampa ni ile nyeusi isiyopakwa rangi. Nichukue stika gani?

Fundi_Stika
Mkuu, bampa hiyo iache. Plastiki ghafi haishiki gundi vizuri, na kama imeshapakwa polishi yenye silikoni ndiyo kabisa. Bandika kwenye mlango wa nyuma au kioo, kwa nje.

Stika ya kuprinti bila laminesheni (utando angavu wa plastiki wa kuikinga) usiichukue. Jua hula nyekundu na njano kwanza. Kwa maneno matupu agiza ya kukatwa kwa mashine, ambayo rangi imo ndani ya vinaili yenyewe, yaani plastiki ya stika. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 5, aliye mita 5 nyuma yako asome bila kukusogelea.

Bandika asubuhi, gari likiwa kivulini. Osha kwa sabuni, kausha, futa kwa spiriti, kisha pitisha kidole: vumbi letu jembamba hubaki hata panapoonekana pasafi, na gundi itashika vumbi badala ya gari. Ishikize stika kwa tepu ya karatasi katikati, bandua karatasi ya nyuma nusu, sukuma kwa kadi iliyofungwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda pembeni, halafu nusu ya pili. Povu la hewa likibaki, toboa kwa sindano, bonyeza. Usioshe gari siku 2.

Dada_Kizota
Naongeza: kona zikatwe mviringo, maana ncha kali ndiyo huanza kunyanyuka. Mashine ya presha isielekezwe kwenye kingo. Na stika isifunike namba wala taa, tafadhali.

Nkuhungu_B
Asanteni sana. Na kuitoa baadaye?

Fundi_Stika
Ipashe kwa drayari ya nywele hadi ilainike, vuta polepole ukiilaza. Gundi iliyobaki futa kwa mafuta ya taa, kisha sabuni. Wembe ni wa kioo tu, na upande wa nje. Ndani utakata nyaya za kuondoa ukungu. Ila kwenye bodi, hasa nyekundu, ikikaa miaka rangi ya chini yake haipauki kama ya pembeni, na maneno huendelea kusomeka hata stika ikishatoka. Mimi ningeweka "Mungu Kwanza" kwenye bodi, lile jingine kwenye kioo.