Mafuta ya midomo: nta ya nyuki au nta ya kiwandani?

Nyonyo_Kondele
Wadau, nisaidieni. Natengeneza mafuta ya midomo ya vijiti hapa Kondele, Kisumu, Jumapili nauza sokoni Kibuye. Naweka mafuta ya nyonyo (wengine mnaita mbarika), ya nazi kidogo, na nta ya nyuki. Jua la saa nane likipiga mabati, vijiti vinalegea na kutoka jasho la mafuta. Muuzaji mmoja ananisukumia nta ya kiwandani, eti kidogo tu inatosha kugandisha. Nani ameshaitumia?

Mkemia_Mstaafu
Ipi? Ziko nyingi. Parafini ya mishumaa (si ile ya stovu, vijana!) ina fuwele kubwa, haishiki mafuta sawasawa, nayo pia hutoka jasho. Maikrokristalini, nayo ya petroli, ina fuwele ndogo, inashika mafuta na haivunjiki ovyo. Halafu kuna ya Fischer-Tropsch, inayotokana na gesi za kaboni monoksidi na hidrojeni. Wajerumani wawili, Fischer na Tropsch, waliibuni njia hiyo miaka ya 1920. Minyororo ya molekuli zake imenyooka, kwa hivyo ikipoa hujipanga vipande vyembamba kama karata zilizoegemeana, mafuta yakanaswa katikati. Nta ya nyuki huyeyuka nyuzi 62 hadi 65. Hizi kuna za 80, kuna za 100.

Jiko_la_Nakuru
Hizo za 100 ndizo zilinitoa machozi. Nilinunua nta ya polietilini, jamii ya plastiki, mfuko hauna maandishi. Huku Nakuru tuko mita 1,850 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au karibu. Nikakoroga saa nzima juu ya sufuria ya maji, punje zinaniangalia tu. Nikaiteleka motoni moja kwa moja: nta ikayeyuka, mafuta yakaungua, nyumba ikanuka hadi kesho yake. Dada, usinunue bila karatasi inayoonyesha nyuzi za kuyeyuka. Tena inaganda ghafla. Ukisubiri ipoe ndipo utie manukato, imeshashika kijiko.

Nyonyo_Kondele
Kwa hivyo sisi wa Kisumu tuna nafuu?

Mkemia_Mstaafu
Nafuu kidogo. Tuko mita 1,130 hivi, maji yanachemka kama 96, na ndani ya bakuli joto halifiki hapo. Lakini nimesoma tena ulichoandika: nyonyo! Hapo muuzaji anakupoteza. Mafuta ya nyonyo hayapatani na jamii ya parafini. Hata mafuta meupe ya madini yanajitenga nayo. Nta ya Fischer-Tropsch, ambayo ni ya jamii hiyo, inamfaa anayetengeneza jeli ya kupaka kwa mafuta ya madini, na huko inafanya kazi nzuri kweli. Wewe tafuta nta za mimea: kandelila, nyuzi 68 hadi 73, au karnauba, 82 hadi 86.

Mama_Pacha_Busia
Mimi katika gramu 100 naweka nta ya nyuki 20 na karnauba 4. Karnauba naitanguliza kwenye nyonyo mpaka iishe kabisa, ndipo ya nyuki ifuate. Inavumilia matatu Busia mpaka Kisumu. Nilipofikisha karnauba 8, mteja aliniuliza kama namuuzia krayoni.

Nyonyo_Kondele
Asante mama, asante mzee. Kesho napika kidogo kwa kipimo hicho, vijiti vitatu naviacha juu ya mabati mchana kutwa. Muuzaji amepiga simu mara mbili, sijashika.

Jiko_la_Nakuru
Muulize kama anataka na yangu, imebaki nusu mfuko.