Sonona iliyotokana na kotisoli: tupeane uzoefu

Wakuu, miaka mitatu nilitibiwa sonona. Dawa nilimeza, ushauri nasaha nilihudhuria, na bado nililia bila sababu, usiku silali. Mwili nao ukabadilika: uso ukawa duara, tumbo likatoka, mikono na miguu ikakonda. Watu wakasema nimezidisha kula. Maneno hayo yaliniumiza kuliko ugonjwa.

Daktari mmoja aliona michirizi ya zambarau tumboni, akanipima shinikizo la damu, likawa juu. Akaagiza mkojo wa saa 24 na mate ya usiku wa manane, kwa sababu saa hizo kotisoli, homoni ya msongo, huwa chini kabisa kwa mtu mwenye afya. Yangu ilikuwa juu. Kumbe kulikuwa na kivimbe kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kinachozisukuma tezi za juu ya figo zitoe kotisoli bila kupumzika. Ugonjwa wa Cushing. Nusu ya wagonjwa wake au zaidi hupata sonona, wengine hata kabla uso haujavimba.

Nilipasuliwa. Moyo haukutulia papo hapo, ilichukua karibu mwaka. Nani mwingine amepitia?

Mama Mapacha: Mimi kinyume, kotisoli ilikuwa chini. Ugonjwa wa Addison, tezi za juu ya figo hazitoi kotisoli ya kutosha. Uchovu wa kushindwa hata kuoga, kukata tamaa, nikisimama kizunguzungu. Fizi na mikunjo ya viganja ikawa myeusi, na nilikuwa nalamba chumvi. Ndugu wakasema ni mawazo tu, mpaka nilipozimia. Sasa nameza haidrokotisoni, dawa ya kufidia kotisoli, kila siku, na nikipata homa naongeza dozi kama nilivyoelekezwa.

Fundi: Yangu ililetwa na predinisoloni, dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, nilizopewa kwa baridi yabisi. Mwanzoni nilichangamka kupita kiasi, baadaye giza tupu. Nikaziacha ghafla kwa hasira. Tezi zangu za juu ya figo zilikuwa zimeshalala kwa sababu ya dawa, nikatapika, presha ikashuka, nikalazwa. Jamani, hizi hupunguzwa kidogo kidogo, tena na daktari.

Msafiri: Nina sonona, sina michirizi wala nini. Nikapime?

Mleta mada: Pole sana ndugu. Cushing ni nadra, wengi wenye sonona hawana. Tena sonona kali yenyewe huweza kupandisha kotisoli, ndiyo maana vipimo vyangu vilirudiwa. Dawa zako usiache. Ila mweleze daktari mabadiliko yote ya mwili, hata yale unayoona aibu kuyataja. Mimi michirizi niliificha miezi mingi.