Naomba ushauri: picha za kasisi wa jeshi, Ulaya 1944–1946

Habari zenu ndugu zangu. Marehemu babu yake mke wangu alikuwa kasisi katika jeshi la Marekani. Ametuachia albamu ya picha alizopiga Ulaya: misa juu ya boneti ya jipu, magofu ya Nuremberg, misalaba ya makaburi mapya yenye majina yanayosomeka. Hizo za makaburi zinaniuma sana, huenda kuna familia hazijawahi kuziona. Faili lake la utumishi tuliliomba, tukajibiwa liliungua mwaka 1973, moto ulipoteketeza hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Marekani.

Picha zimegandishwa kwa gundi kwenye karatasi nyeusi, na negativu (zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo) zimeanza kunuka siki. Je, nizibandue au niziskani zikiwa humo humo? Na negativu nizihifadhi vipi zisiharibike zaidi?