Naomba ushauri: timu ya misheni inataka kuvunjika kabla ya safari

Wapendwa habari zenu. Tuko makanisa matatu huku Kayole tumeungana twende misheni Kajiado Agosti shule zikifungwa, pesa tunachanga na tenti tumepata, shida ni kila mtu anataka kuhubiri jioni kwa jukwaa na hakuna anataka kuamka alfajiri apike uji ama atembee nyumba kwa nyumba, eti hiyo ni ya kina mama na vijana. Tena kanisa moja linataka watakaookoka waandikwe kwao na hawana hata tawi huko, sasa tukisharudi Nairobi nani atawafuatilia?

Mzee mmoja anasema tuachane tu, mbona Paulo na Barnaba waliachana juu ya Marko, Matendo 15. Sawa, lakini Barnaba alienda Kipro na Marko, Paulo akamchukua Sila, hakuna aliyetoka peke yake! (hiyo huwa hasomi)

Wenye mmewahi kwenda misheni ya pamoja, mligawana kazi vipi, pesa alishika nani, na waongofu mliwaachia kanisa gani? Kikao ni Jumapili baada ya ibada, nisaidieni kabla ya hapo.