Tamthilia kwa mkupuo au sehemu moja kwa wiki: ninyi mnatazamaje?

Mkazi wa Kimara anauliza:

Ndugu zangu, ninaleta jambo ambalo limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita, na ninaomba mnijibu kwa uzoefu wenu wenyewe. Jumamosi nilikaa sebuleni kuanzia saa mbili usiku nikatazama tamthilia ya Kikorea yenye sehemu 9, zote kwa mkupuo, hadi adhana ya alfajiri ikanikuta bado nimeshika rimoti. Usiku ule nilifurahi sana. Jumatano yake, ndani ya mwendokasi tukielekea Posta, mwenzangu wa ofisini akaniuliza kaka wa mhusika mkuu aliishia wapi, nikashindwa kumjibu. Hata jina la mhusika mkuu mwenyewe lilikuwa limenitoka.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, hufuatilia tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili, sehemu moja kila jioni ya siku za kazi, wala hana njia ya kuruka mbele. Ukimwuliza leo ni nani aliyewekewa sumu mwezi wa Ramadhani uliopita, atakueleza mpaka rangi ya kikombe.

Kilichoniumiza zaidi, hata hivyo, ni binti yangu wa kidato cha pili. Tamthilia ile tulikuwa tumeahidiana kuitazama pamoja. Alipoamka asubuhi akakuta nimeimaliza, alisema tu, "Basi baba, haina shida," akaenda kufua sare zake. Hakuigusa tena.

Ninajua kwamba mtindo huu una umri mdogo. Netflix ilipotoa House of Cards tarehe 1 Februari 2013, iliweka sehemu zote 13 za msimu wa kwanza siku hiyo hiyo, na huduma hiyo ilipofika katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, Januari 2016, mimi nilikuwa nimeshazoea kutazama kwa mkupuo kutokana na flashi nilizokuwa nikijaziwa kwenye vibanda vya Kariakoo. Ninachotaka kufahamu ni hiki: kusubiri wiki nzima kuna faida ya kweli kwa mtazamaji, au ni mbinu ya wenye biashara tu? Na nyumbani kwenu mmejiwekea utaratibu gani?

Muuguzi wa Temeke anajibu:

Kaka, pole kwa la binti, lakini nitasimama upande wa mkupuo, tena kwa nguvu zote. Mimi ninafanya kazi kwa zamu. Wiki hii niko usiku, wiki ijayo mchana, na ile inayofuata sijui, kwa sababu ratiba hubandikwa ukutani siku mbili kabla. Mtu anaposema "tukutane kila Alhamisi saa tatu usiku", anawazungumzia watu ambao Alhamisi yao inafanana kila wiki. Katika jiji hili wako walinzi, madereva wa malori ya bandarini, wauza samaki wa Feri wanaoamka saa tisa usiku, na sisi wa wodini. Kwetu sisi utaratibu wa wiki ulimaanisha kukosa sehemu moja kati ya kila tatu, kisha kusimuliwa vipande vipande na mtu aliyesinzia katikati.

Kuna pia suala la kifurushi cha intaneti. Ninapopata Wi-Fi ya uhakika, kwa kawaida nyumbani kwa dada yangu, ninapakua sehemu zote kwenye simu mara moja, kisha ninazitazama kwa nafasi yangu, hata umeme ukikatika. Kama zingetolewa moja moja, ningelazimika kununua bando kila wiki kwa ajili ya dakika hamsini.

Kwa hiyo ninaomba tutenganishe mambo mawili. Kutolewa zote kwa siku moja ni jambo moja, na kuzitazama zote kwa usiku mmoja ni jambo jingine. Nimewahi kukaa mwezi mzima na tamthilia moja niliyoipakua kwa siku moja.

Mhariri wa Picha, Mikocheni, anajibu:

Ndugu wa Kimara, mimi ninahariri tamthilia za hapa nyumbani kwa mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo nitakujibu kutoka upande wa jikoni.

Umeuliza kama ni mbinu ya biashara. Ndiyo, ni biashara, lakini mitindo yote miwili ni biashara. Anayelipia huduma kwa mwezi akipewa sehemu 13 kwa siku moja, anaweza kuzimaliza kwa siku tatu na kusitisha malipo kabla ya mwezi kuisha. Akipewa moja kwa wiki, atalipa miezi mitatu au zaidi ili aone mwisho. Disney+ ilipoanza Novemba 2019, ilitoa The Mandalorian kwa utaratibu wa wiki, na kituo cha HBO cha Marekani hakikuwahi kuuacha, kwani tamthilia yake ya Game of Thrones ilikwenda hivyo tangu 2011 mpaka 2019. Netflix yenyewe, mwaka 2022, iliugawa msimu wa nne wa Stranger Things mara mbili: sehemu 7 tarehe 27 Mei na 2 za mwisho tarehe 1 Julai. Walioanzisha mkupuo wameonja utamu wa kusubirisha.

Lakini biashara si hadithi yote, na hapa ninaomba mnivumilie kidogo, maana ndilo eneo ninalolipenda. Tamthilia ya kila wiki huandikwa tofauti na kukatwa tofauti. Mwaka juzi nilikuwa na sehemu ambayo mama mmoja yuko jikoni anapepeta mchele, mwanawe amepotea siku nne, na mara mlangoni panasikika hodi. Mwongozaji alikuwa amepiga picha mpaka mlango unafunguliwa na mgeni anaonekana. Niliirudia picha ile mara nyingi, mwishowe nikakata kwenye ungo: mkono umesimama, punje chache zinaendelea kuteleza, hodi ya pili inasikika, giza. Jibu la "Karibu" halikusikika. Kwa mtazamaji wa wiki, hodi ile ilidumu siku saba. Watu walituandikia wakitaja majina ya wote wanaodhani wako nje ya mlango, na mmoja alikumbuka mjomba tuliyemwonyesha mara moja tu katika sehemu ya pili, ambaye sisi wenyewe tulikuwa tumemsahau. Kwa anayetazama kwa mkupuo, hodi hiyo hiyo inadumu sekunde tano, kwa sababu mashine imeshaanzisha sehemu inayofuata kabla hajavuta pumzi. Ukataji ni ule ule, na kazi yake imepotea.

Jambo la pili ni kwamba sisi mara nyingi tunapiga picha huku tamthilia ikiendelea kurushwa. Tukiona watazamaji wamempenda mhusika mdogo, anaongezewa nafasi. Tukiona mstari fulani umewachosha, unafupishwa. Wengi wetu tulilelewa hivyo na michezo ya kikundi cha Kaole kwenye ITV, na ninaamini kuzungumza na watazamaji kazi ikiendelea ndiko kulikoifikisha sanaa yetu hapa ilipo. Anayetoa kwa mkupuo lazima amalize kila kitu kwanza, na kwa mtaji wa mzalishaji wa hapa, kukaa miezi minane bila shilingi kuingia ni mzigo ambao wachache wanauweza.

Ninakubali kasoro moja. Utaratibu wa wiki umetuzoesha kujaza. Tunarudia habari za wiki iliyopita midomoni mwa wahusika, na tunawaweka watu wakitazamana kwa dakika nzima muziki ukilia. Anayetazama sehemu tano mfululizo huyaona hayo yote na huchoka, na ana haki.

Bibi wa Magomeni anajibu:

Mwanangu wa Kimara, sina kisimbuzi wala sitazami sana, macho yamechoka. Lakini jambo unalouliza nililiona kwa redio kabla hujaanza shule, na ninaomba nilisimulie kwa urefu wake.

Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Ulikuja mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu akiwa nyumbani na watoto. Katika nyumba yetu tulikuwa wapangaji vyumba sita, redio nzuri ilikuwa moja, ikawekwa dirishani inaangalia uani. Wanawake tulikaa kwenye mkeka, na wanaume wakajifanya wana shughuli karibu na bomba.

Nusu saa ikiisha, ndipo tulipoanza. Tulikaa siku tatu tukibishana kama Tunu aondoke au avumilie. Mmoja wetu ambaye mumewe naye alikuwa dereva alinyamaza siku zote hizo, na siku ya nne, tukiwa tunamenya mihogo, akasema, "Mimi ningeondoka." Hakusema zaidi, wala hatukumwuliza. Mume wangu hakuwa mtu wa kuzungumza habari za uzazi; miaka kumi ya ndoa tulikuwa hatujawahi kuitaja idadi ya watoto kama jambo la kuamua. Usiku mmoja, taa imeshazimwa, akaniuliza, "Hivi wewe ukiwa Tunu, ungetaka watoto wangapi?" Akaanzia kwa Tunu, kisha tukafika kwetu, tukazungumza mpaka usiku mkubwa.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba mchezo ule ulikuwa umewekewa uchunguzi. Ulirushwa nchini isipokuwa Dodoma, ambako mpaka 1995 kituo cha huko kilipiga vipindi vyake vingine, ili watafiti walinganishe. Walikuta kwamba pale uliposikika, watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango, na wake na waume walizungumza zaidi juu ya jambo hilo. Nilipoambiwa hivyo sikushangaa. Ningewashangaa kama wangekuta vingine.

Sasa jiulize, mwanangu, kama tungesikilizishwa vipindi hivyo vyote kwa siku mbili. Tungelia, tungecheka, tungejua mwisho wa Mkwaju. Lakini yule mwenzetu wa mihogo asingepata siku yake ya nne, na mume wangu asingepata muda wa kulizungusha lile swali kichwani mpaka likatoka.

Mwalimu wa Ubungo anajibu:

Shikamoo Bibi. Ninaongeza dogo tu kuhusu kusahau, kwa sababu ndugu wa Kimara amejilaumu bure. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walichapisha uchunguzi ambao waliwagawa wanafunzi katika makundi matatu. Wote walitazama tamthilia moja ya sehemu 6, kundi moja kwa kikao kimoja, jingine sehemu moja kwa siku, na jingine sehemu moja kwa wiki. Kesho yake, waliotazama kwa mkupuo ndio walioongoza kwa kukumbuka. Baada ya siku 140 ndio waliokuwa wameporomoka zaidi, wakati wale wa kila wiki, walioanza chini, walikuwa wamepoteza kidogo kuliko wote. Aidha, wa mkupuo walisema wameifurahia tamthilia kidogo kuliko wenzao.

Washiriki walikuwa wachache na tamthilia ilikuwa moja, kwa hiyo tusiifanye sheria. Hata hivyo inakubaliana na jambo ambalo Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyechunguza kumbukumbu, alilieleza tangu 1885, kwamba kinachojifunzwa kwa kuachiana nafasi hudumu kuliko kinachoshindiliwa mara moja, na mwalimu yeyote aliyewahi kumwona mwanafunzi akikesha usiku wa kuamkia mtihani analifahamu. Mama yako, kila jioni kabla ya kipindi kuanza, anajikumbusha jana palikomea wapi. Kule kujikumbusha ndiko kunakokaza fundo.

Muuguzi wa Temeke anajibu tena:

Shikamoo Bibi. Nimeyasoma maneno yako mara mbili wakati wa mapumziko, na sitapingana nayo. Naona kilichofanya kazi pale uani ni kwamba wote mlikuwa mmefika mahali pamoja kwenye hadithi. Sisi wa zamu ndicho tunachokikosa, kwa mtindo wowote ule.

Nitaeleza tulivyofanya kazini kwetu, labda itamfaa mtu. Tuko wanne tunaofuatilia tamthilia moja, na ilikuwa kila siku mmoja anamwaga mtama mwingine hajaona. Sasa kwenye kona ya ubao wa chumba cha chai tunaandika namba ya sehemu aliyofikia aliye nyuma kuliko wote. Leo imeandikwa 4. Hakuna anayeruhusiwa kuzungumza lolote la mbele ya 4, hata kama yeye amemaliza. Aliye nyuma akifika 5, anafuta na kuandika mwenyewe, na siku hiyo chai huchelewa kwisha.

Mkazi wa Kimara anajibu:

Bibi, shikamoo, na ninawashukuru nyote. Nimechukua kidogo kwa kila mmoja. Nimeingia kwenye mipangilio nikazima ile huduma ya kuanzisha sehemu inayofuata yenyewe. Nimemwomba binti msamaha, nikamwambia achague tamthilia nyingine, na kwamba kwa hiyo yeye ndiye atakayeshika rimoti. Amechagua yenye sehemu 10 zilizokwisha kutolewa zote, tukakubaliana moja kila Ijumaa baada ya chakula cha usiku. Mama amejiunga, kwa sharti kwamba binti amsomee maandishi ya chini kwa sauti.

Tumeshatazama mbili. Ya pili iliishia kwa barua iliyopitishwa chini ya mlango, haina jina. Jana Jumanne nimerudi kazini nikawakuta jikoni, mama anachambua mchicha, binti ameegemea kabati, wanabishana ni nani aliyeiandika. Mama anasema ni shangazi, kwa sababu katika sehemu ya kwanza alionekana ana wino kidoleni. Mimi wino huo sikuuona. Wakaniuliza ninavyodhani, nikawapa jibu langu, na wote wawili wakalikataa.